Ziwa Li Karibu, Lakini Majisafi Yana Gharama

Mkazi wa Kasingirima aweza kuuliza: kwa nini tuhimizwe kutunza maji, ilhali Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, li jirani yetu? Swali hili lina haki ya kujibiwa.

Kwanza, maji ya ziwani bado si majisafi. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Kigoma/Ujiji (KUWASA) huyavuta, huyatibu, kisha huyasukuma kwa pampu hadi kwenye matangi yaliyo miinukoni, ndipo yashuke majumbani. Bomba likivuja, umeme na dawa vilivyokwisha kulipiwa humwagika barabarani, na jirani aliye mwisho wa mstari hukosa maji.

Pili, watumiaji wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,127,930 mkoani Kigoma. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 2,470,967. Kila kaya mpya huhitaji maji, na huhitaji choo pia. Ziwa letu lina mto mmoja tu wa kulitoa maji, Lukuga, ulioko Kongo. Maji mengi zaidi huondoka kwa kugeuka mvuke. Kwa hiyo uchafu tunaoutupa humo hukaa nasi muda mrefu.

Tatu, ziwa halikai mahali pamoja. Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji mwaka 1871, ufuko ulikuwa karibu. Leo mnara wa kumbukumbu yao uko mbali na maji, kwa kuwa kina kilishuka baada ya Lukuga kufunguka. Mwaka 2020 na 2021, baada ya mvua kubwa, ziwa lilipanda tena na kuingia katika makazi ya pwani. Mabadiliko ya tabianchi yanafanya mvua kubwa na ukame kuwa vigumu zaidi kutabirika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni.

Wananchi mnaombwa kutoa taarifa KUWASA au ofisi ya mtaa mara muonapo bomba lililopasuka. Kukinga maji ya mvua kwa ajili ya kufulia na bustani. Kuchimba vyoo mbali na visima na ufuko. Na kuchemsha maji ya ziwani kabla ya kuyanywa, hata yanapoonekana maangavu.