Je, wajua mkokoteni una breki?

Madereva wengi wa Mombasa wakiuona mkokoteni huwaza jambo moja tu: foleni. Ukikwama Magongo au kwenye barabara ya Port Reitz, katikati ya malori ya makontena, lawama humwendea yule kijana mwenye mitungi ya maji, ilhali yeye ndiye aliyechukua nafasi ndogo kuliko wote. Hilo la foleni naweza kulivumilia. Linaloniudhi ni ule usemi kwamba mkokoteni ni mbao na magurudumu mawili, chombo kisicho na ufundi wala breki. Breki unayo, na ukiielewa utajua kwa nini mafundi wa mtaa wa Chaani huunda mikokoteni yao namna ile.

Tuanze na ekseli, maana mkokoteni wa mjini hutokana na gari lililokufa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8, lakini likishapita bandarini halihesabiwi tena umri. Huzunguka mjini mpaka bodi yake iliwe na kutu ya pwani, na mara nyingi kinachobaki kizima ni chuma cha chini. Fundi huichomoa ekseli ya nyuma, hukata lile dude la gia la katikati, kisha hurudisha pande mbili kwa kipande cha bomba nene na kuchomelea. Mwingine huchukua habu za mbele, kila moja na beringi zake, akazichomelea kwenye ncha za bomba. Fundi akikosea digrii chache tu, magurudumu hayatatazama upande mmoja, na mwenye mkokoteni atavuta maisha yake yote mzigo unaotaka kwenda kushoto.

Kwa hiyo mkokoteni unategemea skrapu. Mwezi Januari 2022 Serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya mitambo ya umeme, ikaifungua tena mwezi Mei mwaka huohuo. Mjadala ulikuwa juu ya wezi, wauzaji wakubwa na viwanda. Fundi wa kando ya barabara, anayegeuza ekseli iliyotupwa kuwa kazi ya watu wawili watatu, sikusikia akitajwa na yeyote. Hili ni kosa. Huyu ndiye anayerejesha taka kwenye matumizi bila kuyeyusha chochote, bila kuagiza chochote nje.

Nenda utazame namna mkokoteni unavyopokewa kwa fundi ukirudi kutengenezwa. Hupinduliwa upande mmoja ukaegemea jiwe, gurudumu likabaki hewani. Fundi hulizungusha kwa mkono mmoja, na kiganja cha mkono wa pili hukiweka juu ya bomba la ekseli. Beringi nzima haitoi mtetemo wowote kiganjani. Iliyoanza kuoza hukwaruza, kama mchanga uko ndani, na mara nyingi mchanga upo kweli. Adui mkubwa hapa ni maji yenyewe. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi, mitungi huvuja vifunikoni, na matone huteremka mbaoni mpaka kwenye habu. Chumvi hula beringi kutoka ndani, wakati nje tairi bado linang'aa. Grisi ya kukanda kwa vidole kila baada ya muda mfupi ndiyo tiba, na mtu asiyeikumbuka hulipa kwa misuli.

Hulipa kiasi gani? Pigeni hesabu nami. Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji. Weka na uzito wa mkokoteni, tuseme jumla ni kilo 500. Juu ya lami tambarare, tairi zikiwa zimejaa upepo na beringi zikiwa nzima, nguvu inayohitajika kuuendesha ni sawa na ya kuinua kilo 7 au 8. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa hiyo ni karibu wati 80, na mtu mwenye afya anaweza kutoa wati 75 hivi kwa saa nyingi bila kuanguka. Mkokoteni na mwili wa mwanadamu, kwa hiyo, vinalingana kabisa hapo. Mzigo huo haukuwekwa kwa kubahatisha.

Sasa ufikishe kwenye mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 20, kilima ambacho mwenye gari hakioni hata kidogo. Zinaongezeka kilo 25 za kuvuta. Nguvu inayotakiwa inapita mara nne ya ile ya tambarare, na hakuna mtu anayeiweza kwa muda mrefu. Ndipo unapomwona hamali akikata barabara mshazari, mara kulia, mara kushoto, akiurefusha mlima ili upungue ukali. Dereva aliye nyuma hupiga honi akidhani anazuiwa kwa makusudi. Ukiingia kwenye vichochoro vya mchanga hesabu inaharibika kabisa, kwani gurudumu lililozama hudai mara kumi ya lami na zaidi.

Kabla ya breki kuna jambo la mizani. Mkokoteni ni pembea: ekseli ndiyo kitovu, mzigo uko juu, mikono iko mbele. Huko Marekani kuna trela za kusafiria ambazo watu huvuta nyuma ya magari yao, zenye mlango wa nyuma unaoshuka ukawa daraja la kupandishia pikipiki, na wenye trela hizo hawaishi kuzibadilisha wenyewe wikendi: wanaongeza springi, wanabadili ekseli, wanahamisha matangi ya maji. Kanuni wanayofundishana ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito ilale mbele, pale trela inapoungana na gari, la sivyo itaanza kuyumba njiani. Fundi wa Chaani anaijua kanuni hiyo na anajua pia kwamba haimfai. Asilimia 10 ya kilo 500 ni kilo 50, na hakuna mtu wa kutembea kutwa na kilo 50 mikononi. Kwa hiyo huisogeza ekseli karibu kabisa na kitovu cha mzigo, mbele zikabaki kilo chache tu za kuituliza mikono isiruke. Hizo chache ndizo zinazoiwezesha breki.

Breki yenyewe ni kipande cha tairi kuukuu, kimekunjwa na kupigiliwa misumari au kufungwa kwa bolti chini ya mkia wa mkokoteni, upande wa nyuma. Ukitembea kawaida, kinaning'inia juu ya barabara bila kugusa kitu. Mteremko ukianza, hamali huinua mikono juu. Mkia unashuka, raba inagusa lami na kuanza kusugua.

Watu hudhani anayefunga breki ni yeye kwa nguvu zake. Sivyo. Mzigo umepangwa juu, nusu mita au zaidi kutoka kwenye ekseli, na mkokoteni ukilala nyuma, uzito wote unahama nao. Ukiinama kiasi cha digrii 12, kitovu cha mzigo kinarudi nyuma sentimita 10 hivi. Sentimita 10 za kilo 400 zinatosha kuukandamiza mkia ulio mita moja na kitu kutoka kwenye ekseli kwa karibu kilo 30. Raba juu ya lami kavu hugeuza kilo hizo 30 kuwa kilo 20 za kuzuia. Rudi sasa kwenye ule mteremko wa 1 kwa 20: mzigo unasukuma mbele kwa kilo 25, msuguano wa magurudumu yenyewe unakula 7 au 8, zinabaki 17 au 18. Breki inazo 20. Zinatosha. Mtu mmoja amesimamisha nusu tani kwa kunyanyua mikono, na maji yenyewe ndiyo yaliyokanyaga breki.

Kuna uzuri mwingine ndani yake ambao ningependa wanafunzi wa ufundi waoneshwe. Raba inaposugua, lami huivuta kwa nyuma, na mvuto huo, kwa kuwa uko chini ya ekseli, hujaribu kuurudisha mkia juu. Kwa hiyo breki hii haikabi ghafla. Kadiri inavyouma ndivyo inavyojipunguza kidogo, na mkokoteni hupungua mwendo bila kumrusha mtu wala kumwaga mitungi. Gari lako lina kompyuta ya kazi kama hiyo.

Ina udhaifu pia. Lami ikilowa, raba hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na mvua za masika ndizo msimu wa hatari. Mitungi ikipangwa safu moja ya chini tu, kitovu hakirudi nyuma vya kutosha na mkia haukandamizwi. Mzigo mwepesi wa chini unaweza kuwa mbaya mteremkoni kuliko mzito wa juu. Na ikiwa raba imelika mpaka misumari, chuma juu ya lami huteleza na kutoa cheche. Wenye busara huigeuza raba kabla haijafika hapo.

Marekebisho mengine nayataja kwa haraka. Springi za gari karibu zote huondolewa, kwa sababu hupandisha mzigo na kuufanya ubembee. Wachache huziacha, hasa wanaobeba vioo na mayai. Anglaini, vile vyuma vya pembe, huchomelewa kando kuwa mbavu. Mkanda wa kifuani hutengenezwa kwa ukanda wa usalama wa gari lililokatwakatwa, ukamwezesha mvutaji kutumia uzito wa mwili badala ya mabega pekee. Ubao wa nyuma hufungwa kwa bawaba ushuke mpaka chini, na hapo boda boda iliyoharibika husukumwa juu ikafungwa kamba, kazi ileile ya trela ya Mmarekani. Rifleksa ndizo zinazokosekana zaidi, na bei yake ni ndogo mno kwa mtu kufa kwa ajili yake usiku.

Mji huu una historia ndefu ya kusukuma. Mwaka 1890 kampuni ya Imperial British East Africa (IBEA) ilianza reli nyembamba kutoka pwani kuelekea bara, ikaiacha baada ya maili chache. Vyuma vyake havikutupwa. Vilitandikwa kisiwani, na kwa miaka mingi wakubwa wa Mombasa walisafiri kwenye viti vyenye kivuli juu ya vijigari vya reli, wakisukumwa na watu kwa miguu. Skrapu ya mradi mkubwa ikawa usafiri wa mji. Tofauti ni kwamba vijigari vile vilipewa njia yao, kwa kuwa waliopanda walikuwa mabwana, na mkokoteni wa leo haukupewa hata ukingo.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Maji matamu ya Mombasa hutoka mbali: bomba la chemchemi za Mzima, lililomalizwa katika miaka ya 1950, lina urefu wa kilomita 220 hivi, na mengine hutoka Baricho, kwenye mto Sabaki, kaunti ya Kilifi. Yakishafika mjini hayatoshi, na mfereji hukauka kwa siku nyingi. Anayemalizia safari hiyo mpaka mlangoni kwa mama wa Chaani ni hamali. Yeye ni sehemu ya mfumo wa maji wa mji huu sawa na pampu na matangi, ila pampu hutengewa bajeti. Barabara zinapanuliwa, zinawekwa mitaro na kingo za zege zilizo wima, na hakuna mahali ambapo gurudumu linaweza kupanda kutoka kwenye lami. Kingo zikishushwa mahali pa vichochoro na mita moja ya lami ikaachwa kando ya njia, mkokoteni utatoka barabarani wenyewe. Vyuo vyetu vya ufundi navyo vingeweza kukaa na mafundi hawa kwa muhula mmoja, wakapima ekseli, wakajaribu raba za aina mbalimbali kwenye lami iliyolowa, wakaziba habu zisiingiwe na chumvi. Hakuna katika hayo linalohitaji mkopo wa benki ya nje.

Kazi nyingine za mkokoteni unazijua: saruji na mchanga wa mjengo, mitungi ya gesi, madafu, kuni na makaa, magunia ya viazi kutoka sokoni, kitanda na kabati siku ya kuhama, skrapu yenyewe ikirudi kwa muuzaji, viti na turubai za harusi.

Kwa wewe uliye na gari, neno ni moja. Ukimkuta hamali kwenye mteremko, mikono ya mkokoteni iko juu na mkia unasugua lami, jua kwamba wakati huo hawezi kukata kona. Akishusha mikono ili akupishe, breki inaachia na kilo 500 zinamfuata mgongoni. Usipige honi. Subiri afike tambarare, kisha upite.