Safari ya Swali la Mwananchi kutoka Ruaruke hadi Bungeni, na Namna ya Kulipima Jibu Lake

Na Mwandishi Wetu

Mkulima wa korosho katika Kata ya Ruaruke, Wilaya ya Kibiti mkoani Pwani, anapouliza ni lini barabara ya kijijini kwake itapitika mwaka mzima, huenda akadhani swali lake linaishia barazani alipolitamka. Kwa mujibu wa Katiba na sheria, swali hilo lina njia ya kufika hadi ukumbi wa Bunge jijini Dodoma. Likishajibiwa huko, jibu huwa kauli rasmi ya Serikali, ambayo mwananchi ana haki ya kuisoma, kuihifadhi na kuifuatilia.

Msingi wa Kikatiba

Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Miongoni mwa madaraka hayo ni kumwuliza Waziri yeyote swali kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 53 nayo inaelekeza kwamba Mawaziri, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu, watawajibika kwa pamoja Bungeni. Kwa hiyo, Waziri au Naibu Waziri anaposimama kujibu, anatekeleza wajibu wa Kikatiba. Hamfanyii hisani aliyeuliza.

Swali linavyosafiri

Hatua ya kwanza ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaowahusisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Kutoka hapo hoja hupelekwa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Diwani huiwasilisha katika Baraza la Madiwani la Halmashauri ya Wilaya. Mambo mengi humalizikia hapo, kwa kuwa Halmashauri ina bajeti na wataalamu wake. Mbunge ni mjumbe wa Baraza hilo, hivyo huyasikia masuala yaliyozidi uwezo wa Halmashauri na anaweza kuyapeleka Bungeni.

Swali la kawaida huwasilishwa mapema kwa maandishi katika Ofisi ya Bunge, nayo hulipeleka katika wizara inayohusika. Ni muhimu swali lielekezwe mahali sahihi. Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS chini ya wizara yenye dhamana ya ujenzi, ilhali barabara za wilaya ziko chini ya TARURA na TAMISEMI. Maji vijijini ni jukumu la RUWASA, na umeme vijijini ni la REA.

Baada ya jibu la msingi, Mbunge aliyeuliza hupewa nafasi ya kuuliza maswali mawili ya nyongeza. Nafasi hiyo ina uzito mkubwa, kwani jibu lililotaja mpango bila tarehe linaweza kudaiwa tarehe papo hapo. Siku ya Alhamisi hutengwa muda wa maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, ambayo hulenga zaidi sera na mambo ya kitaifa.

Serikali pia inaweza kutoa kauli bila kusubiri swali. Tarehe 25 Aprili, 2024, wakati mafuriko yakiwa yameziathiri Rufiji na Kibiti, aliyekuwa Waziri Mkuu, Mhe. Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge kwamba mvua za El Niño zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155 nchini na kuathiri zaidi ya watu 200,000. Kwa kauli hiyo, ukubwa wa maafa uliingia katika kumbukumbu za Bunge.

Namna ya kulipima jibu

Majibu ya Serikali hutumia maneno yenye uzito tofauti, na mwananchi anapaswa kuyatofautisha. "Serikali inatambua umuhimu" maana yake tatizo limekubalika, lakini hatua haijatajwa. "Usanifu unaendelea" maana yake gharama bado haijakamilika kujulikana. "Fedha zimetengwa" maana yake zimo katika bajeti, ila huenda bado hazijatolewa. "Mkandarasi amekabidhiwa eneo la kazi" ni hatua inayoweza kuthibitishwa kwa macho. "Kadiri fedha zitakavyopatikana" ni nia isiyo na tarehe, na ndiyo inayostahili swali la nyongeza.

Vilevile, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni. Ahadi iliyotolewa mwezi Februari kwamba kazi itafanyika "katika mwaka huu wa fedha" imebakiwa na takribani miezi minne. Kwa maeneo ya jirani na delta ya Rufiji, sehemu kubwa ya miezi hiyo ni msimu wa masika, ambapo mitambo ya barabara hufanya kazi kwa shida. Hivyo, pamoja na kuuliza kama fedha zipo, ni vyema kuuliza zitatolewa lini.

Wajibu wa mwananchi

Majadiliano ya Bunge huandikwa katika Taarifa Rasmi, maarufu kama Hansadi, ambayo hupatikana katika tovuti ya Bunge pamoja na maswali na majibu yake. Viongozi wa kijiji wanaweza kuchapisha jibu linalowahusu na kulisoma katika Mkutano Mkuu. Pale utekelezaji usipoonekana, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu mwananchi kuomba taarifa kwa maandishi, na taasisi husika inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30.

Mwananchi anayefuatilia ahadi ahifadhi mambo manne: tarehe ya jibu, wizara iliyojibu, kiasi cha fedha kilichotajwa na mwaka wa fedha uliotajwa. Akiwa na kumbukumbu hizo, mkazi wa Ruaruke atakapomkuta Diwani, Mbunge au Waziri mkutanoni hatahitaji kuanza upya kueleza shida yake. Atauliza jambo moja tu: lililoahidiwa limefikia wapi.