Skana za Filamu na Ukingo wa Vichaka vya Itigi

Kusini mwa Mkoa wa Singida, ambako Reli ya Kati hupita Manyoni na Itigi, kuna uoto ambao wataalamu wa mimea wameupa jina la mji huo: vichaka vya Itigi. Si miombo, wala si mbuga. Ni vichaka vilivyosongamana, vyenye kimo cha mita tatu hadi tano, vilivyoota juu ya udongo wa kichanga wenye tabaka gumu chini yake. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani, na hata hapo mtu hapenyi kwa urahisi bila panga. Miongoni mwa waliovieleza kitaalamu ni B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea katika idara ya utafiti wa mbung'o ya Tanganyika. Mwaka 1938 Burtt alikufa katika ajali ya ndege huko Singida, pamoja na mkuu wake, C. F. M. Swynnerton. Maelezo yake juu ya uoto wa Afrika Mashariki yalichapishwa mwaka 1942, na jina lake limebaki katika mmea mmojawapo wa vichaka hivyo, Burttia prunoides.

Tangu siku za Burtt, sehemu kubwa ya vichaka hivyo imefyekwa kwa ajili ya mashamba, kuni na mkaa. Swali la mwanasayansi ni hili: zimepotea eka ngapi, na katika miaka gani? Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa mwaka 1972, na chombo chake hakikuweza kupambanua vitu vidogo kuliko mita 80 hivi. Kwa miaka ya kabla ya hapo, ushahidi bora unaoweza kupimwa umo katika filamu za picha za angani, zile zile zilizotumika kuchora ramani za nchi za skeli ya 1:50,000. Filamu na picha nyingi zilizokusanywa na idara ya Uingereza ya upimaji wa nchi za ng'ambo sasa zimehifadhiwa Edinburgh, ambako hata roboti zimetumiwa kuzilisha kwenye skana, kwa kuwa idadi yake inazidi milioni moja.

Ili kompyuta ipime eneo la kichaka, yapasa kwanza filamu igeuzwe kuwa namba. Kazi hiyo hufanywa na skana: mwanga hupenyezwa katika filamu, kihisi hupima kiasi kilichopita katika kila nukta, na kila kipimo huandikwa kama namba. Wazo hili si geni. Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake huko Marekani waliingiza katika kompyuta picha ya mtoto wake mchanga, ikiwa na nukta 176 kwa 176 tu. Jambo lililo gumu kwa mnunuzi wa leo ni kwamba skana zote hudai kufanya kazi moja, lakini hazifanyi sawa.

Namba ambayo mnunuzi huiona kwanza juu ya sanduku ni idadi ya nukta kwa inchi. Namba hiyo ni tangazo la biashara kabla ya kuwa kipimo. Huonyesha ni mara ngapi kihisi kinachukua kipimo katika kila inchi. Haisemi kama lenzi imeleta picha kali kiasi hicho. Skana bapa ya Epson V700, mathalani, iliuzwa kwa namba ya 6400, lakini katika majaribio huru uwezo wake halisi wa kupambanua mistari ulionekana kuwa takriban 2300. Plustek OpticFilm 8200i, iliyotengenezwa kwa filamu ya milimita 35, hudai 7200 na hutoa kiasi cha 3250. Nikon Coolscan 5000, ambayo haitengenezwi tena, ilidai 4000 na ilitoa karibu 3900. Katika hizo tatu, ndiyo pekee iliyokaribia ahadi yake. Anayetumia skana ya kwanza kwa nukta 6400 hupata faili kubwa karibu mara nane kuliko inavyohitajika, bila kuongeza habari yoyote ila muda wa kusubiri.

Kuna kanuni rahisi ya kukadiria mahitaji. Ili mstari mweusi na mweupe ulio jirani vitenganishwe, kila mmoja lazima upate walau nukta moja. Filamu yenye uwezo wa kubeba jozi 80 za mistari katika milimita moja huhitaji nukta 160 kwa milimita, yaani nukta 4064 kwa inchi.

Picha ya angani haifanani na filamu ya kamera ya mkononi. Fremu yake ina upande wa sentimita 23. Chukua mfano wa picha ya skeli ya 1:40,000: milimita moja ya filamu ni mita 40 za ardhi, na fremu nzima hufunika kilomita 9.2 kila upande. Ikisomwa kwa nukta 1200 kwa inchi, kila pikseli huwa na upana wa mikromita 21, sawa na sentimita 85 za ardhi, na picha nzima huwa na pikseli milioni 118. Skana nyingi za bei nafuu hushindwa hata kabla ya hesabu hii: V700 iliyotajwa ina dirisha la filamu lenye upana wa sentimita 20 tu, hivyo fremu haiingii. Skana bapa kubwa zenye kifuniko cha taa, kama Epson 12000XL, huipokea.

Wako wanaopendekeza kuiweka filamu juu ya ubao wa taa na kuipiga picha kwa kamera ya kisasa yenye lenzi ya karibu. Kwa filamu ya milimita 35 ushauri huo ni mzuri sana: kamera yenye pikseli 6000 kwa 4000 hutoa zaidi ya nukta 4200 kwa inchi, tena kwa sekunde moja. Kwa fremu ya sentimita 23, kamera hiyo hiyo hutoa nukta 440 tu, na pikseli moja huwa mita 2.3 za ardhi. Hapo ndipo vichaka vya Itigi vinapoingia hatarini. Katika picha ya angani, msomaji hutofautisha kichaka na miombo kwa mguso wa macho: kichaka huonekana laini kama kitambaa, ilhali katika miombo vilele vya miti huonekana kimoja kimoja. Kilele chenye upana wa mita 6 hupata pikseli saba katika skana ya nukta 1200, lakini hupata mbili au tatu tu katika picha ya kamera. Vilele huungana, miombo huonekana laini, na mpimaji huihesabu kuwa kichaka. Kichaka ambacho hakikuwapo huandikwa kuwa kilikuwapo, kisha miaka ya baadaye huandikwa kuwa kimefyekwa.

Kipimo cha pili ni densiti, yaani giza la filamu. Sehemu inayopitisha mwanga kwa moja ya mia ina densiti 2. Inayopitisha moja ya elfu ina densiti 3. Katika filamu hasi mambo hupinduka: fukwe za chumvi za ziwa Singidani na Kindai, ambazo hung'aa katika jua, ndizo nyeusi kuliko zote, na skana dhaifu hufuta kila alama iliyomo humo. Skana ya pipa, ambayo hubandika filamu juu ya silinda inayozunguka na kupima mwanga kwa mrija wa kuukuza, hupenya giza la densiti 4 hivi. Hata hivyo, filamu hasi nyeusi na nyeupe mara chache huzidi densiti 2.5. Skana ya pipa huonyesha ubora wake katika slaidi za rangi. Kulipia gharama yake kwa ajili ya picha hizi ni kununua shoka la kukatia nyasi. Tena filamu kuukuu iliyokakamaa huweza kupasuka inapokunjwa kuzunguka silinda.

Nchi kavu kama Singida haikosi vumbi, na watengenezaji husifu kifaa cha kuondoa alama za vumbi kwa miale ya infraredi. Rangi za filamu ya kawaida ya rangi hupitisha miale hiyo, vumbi huizuia, na kompyuta hujua la kufuta. Katika filamu nyeusi na nyeupe picha yenyewe ni chembe za madini ya fedha, nazo huizuia miale kama vumbi. Kifaa hicho kikiwashwa kitaichukua picha kuwa ni vumbi. Kilichobaki ni brashi laini na subira.

Lililo zito zaidi kwa mpima ardhi ni umbo. Skana za kupimia ramani hukosea kwa mikromita 2 au 3 tu. Skana bapa ya mezani, ambayo gari lake huvutwa kwa mota na mkanda, huweza kukosea milimita 0.1, sawa na mita 4 za ardhi katika mfano wetu. Kosa hilo halipunguzi jumla ya eneo la kichaka, hukisogeza. Ramani mbili za miaka tofauti zikiwekwa pamoja, upande mmoja huonekana umefyekwa na upande wa pili umechipua, na yote mawili ni uongo. Filamu yenyewe nayo husinyaa. Filamu za asetati huoza zikikaa katika joto na unyevu, na dalili yake ni harufu ya siki. Ikisinyaa kwa asilimia moja, upande wa fremu hupungua milimita 2.3, yaani mita 92 za ardhi. Hurekebishwa kwa alama ambazo kamera ilichapa kandokando ya fremu, ambazo umbali baina yake unajulikana. Kwa hiyo ni kosa kubwa kukata kingo nyeusi za picha wakati wa kuisoma ili ipendeze.

Shule yenye skana bapa ya kawaida inaweza kulipima kosa la umbo bila filamu yoyote. Wanafunzi waweke rula angavu juu ya kioo, waisome kwa nukta 600 kwa inchi, kisha waigeuze pembe mraba na kuisoma tena. Milimita 200 zapasa kutoa pikseli 4724 katika pande zote mbili. Kwa kuwa rula ni ile ile, tofauti yoyote inatokana na skana. Tofauti ya pikseli 12 ni nusu milimita, na nusu milimita, katika picha ya Itigi ya skeli ya 1:40,000, ni mita 20 za kichaka.