Kula Kupita Kiasi Usiku: Jinsi ya Kuiacha Tabia Hii



Katika vikundi vyetu, kuanzia Maungu na Kasigau hadi Mwatate, Wundanyi na Taveta, mazungumzo ya chakula mara nyingi ni ya upungufu. Mvua imekosa, ndovu wametoka Tsavo na kuingia shambani, mahindi yamekwisha kabla ya mavuno. Basi mtu atashangaa tukisema leo tunataka kuzungumza juu ya kula kupita kiasi. Atauliza, "Ni nani huku mwenye chakula cha kula kupita kiasi?"

Lakini njaa na kula kupita kiasi hukaa nyumba moja. Mtu yule yule aliyeshinda na chai ya rangi tangu asubuhi ndiye anayemaliza mlima wa ugali saa tatu usiku, halafu analala papo hapo. Akiamka tumbo ni zito, hana hamu ya kula, anakunywa tena chai ya rangi na kwenda zake. Jioni mambo ni yale yale. Mwaka ukiisha ananenepa tumbo, anasikia kiungulia, na akienda dispensari anaambiwa presha imepanda. Yeye mwenyewe anashangaa, maana anajiona ni mtu anayekula mara moja tu kwa siku!

Tabia inaanzia wapi

Wengi hufikiri ni ulafi, na mtu husemwa mbele ya watu mpaka anaona haya. Ulafi upo, hatukatai. Lakini mara nyingi chanzo ni mpango wa siku yetu.

Tuseme kuna mama huku tambarare ya Voi. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anatayarisha watoto wa shule, anakwenda kupanga foleni ya maji, kisha shambani au kwenye kibarua. Mchana hali kitu. Anarudi saa kumi na moja jioni akiwa amechoka, na ndipo anaanza kutafuta kuni. Maharagwe yanaingia jikoni saa moja usiku. Yakiiva ni saa tatu na nusu. Anapakulia wengine kwanza, yeye anakula wa mwisho, tena anamaliza kilichobaki kwenye sufuria kwa sababu hakuna friji na kutupa chakula ni dhambi. Je, mama huyu ni mlafi? Hapana. Mwili wake unadai deni la siku nzima, na unalidai usiku.

Mkata katani anayeondoka na giza bila kifungua kinywa ana deni kama hilo. Vivyo hivyo fundi wa mjini anayeruka chakula cha mchana ili aokoe pesa.

Sababu nyingine ni hofu ya njaa. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosa msimu baada ya msimu katika sehemu kavu za Kenya, na kaunti yetu ilikuwa mojawapo ya zilizoumia. Aliyepitia njaa kama hiyo, chakula kikipatikana hukila kama kwamba kesho hakitakuwapo. Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, wanaume 36 wenye afya nzuri walijitolea kulishwa chakula kidogo kwa miezi 6. Walipoanza kupewa chakula tena, baadhi yao walikula na kula na bado wakasema hawajashiba. Kumbe anayefululiza kula baada ya njaa hana roho mbaya. Ndivyo mwili ulivyoumbwa kujilinda.

Tatu, kuna mawazo. Deni la karo, ugomvi wa nyumbani, msiba. Usiku nyumba ikinyamaza, mtu anatafuta kitu cha kumliwaza, na chakula kiko karibu. Wengine huamka usiku wa manane na hawapati usingizi mpaka watie kitu mdomoni. Mwaka 1955 daktari Mmarekani aitwaye Albert Stunkard aliandika juu ya wagonjwa wa namna hii. Aliona dalili 3 zinakwenda pamoja: asubuhi hawana hamu ya kula, jioni na usiku wanakula sana, na usingizi unawakimbia. Tangu hapo madaktari wanaijua kama hali inayoweza kutibiwa.

Mwili hufanya nini usiku

Mwili una saa yake. Mchana umejiandaa kupokea chakula na kukitumia. Usiku unajiandaa kupumzika, na uwezo wake wa kuondoa sukari kwenye damu hupungua. Sahani ile ile ya ugali ikiliwa usiku sana hupandisha sukari ya damu kuliko ikiliwa asubuhi. Kwa mtu ambaye tayari ana kisukari au anakikaribia, hilo si jambo dogo.

Pili, ukilala mara tu baada ya kula, asidi ya tumbo hupanda hadi kooni. Ndicho kile kiungulia, na ndiyo sababu ya kushtuka usiku ukikohoa. Ni vizuri yapite masaa 2 au 3 kati ya chakula na kitanda.

Tatu, usingizi mbaya huleta njaa. Asiyelala vya kutosha, kesho yake mwili wake humhimiza kula zaidi, hasa vitu vitamu na vya mafuta. Basi mviringo unafungwa: kula sana usiku, kulala vibaya, kula sana tena.

Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, 27 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa wanawake peke yao walikuwa karibu 39. Na katika kila watu wazima 100, karibu 24 walikuwa na presha iliyopanda. Hatusemi yote yaliletwa na chakula cha usiku. Chumvi, mafuta, pombe, sigara na kukosa mazoezi vimo pia. Lakini chakula cha usiku ni mlango mmoja ambao tunaweza kuufunga wenyewe, bila kungoja mtu.

Watoto ndio wanaoumia kwanza

Hapa tunaomba tusikilizane vizuri. Chakula kikiiva saa tatu na nusu, mtoto wa miaka 2 au 3 amekwisha lala. Anaamshwa, anakula matonge mawili huku anasinzia, basi. Au anaachwa alale. Watu wazima wanakula fungu lake, maana chakula hakiwezi kungoja. Asubuhi mtoto anapewa chai, na siku inaanza upya.

Nyumba kama hiyo inaweza kuwa na baba mwenye kitambi na mtoto aliyedumaa, nao wanakula sufuria moja. Chakula kipo, ila kimefika saa ambayo mtoto hawezi kukila. Kwa hiyo tunaposema tuache kula sana usiku, tunasema pia fungu la mtoto lirudi kwa mtoto.

Hatua za kufuata

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Usijaribu kubadilisha yote kwa siku moja. Chukua hatua moja kwa juma.

1. Jijue kwanza. Weka kopo tupu jikoni. Kila ukila kitu baada ya chakula cha jioni, hata kipande cha chapati, tia punje moja ya mahindi. Baada ya siku 7 hesabu. Usibadilishe kitu juma hilo, tazama tu.

2. Anza na asubuhi. Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Dawa ya kula sana usiku ni kula vizuri mchana. Kunywa uji mzito wa mtama au wimbi, au ule viazi vitamu, nduma, muhogo, au ugali wa jana na mboga. Kama asubuhi huna hamu, anza na kikombe kimoja. Ukipunguza cha usiku, hamu ya asubuhi itarudi polepole.

3. Beba cha mchana. Kimanga kilichobanwa vizuri, ndizi, mahindi na pojo, embe wakati wake. Si lazima kiwe cha moto. Mwenye kibarua akumbuke kwamba asipokula mchana hajaokoa pesa, maana jioni atakula mara mbili.

4. Sogeza chakula cha jioni mbele. Lengo ni kula saa kumi na mbili au saa moja. Loweka maharagwe au mbaazi tangu usiku. Asubuhi yachemke kwa nguvu nusu saa, kisha weka sufuria iliyofunikwa vizuri ndani ya kikapu kilichotandikwa nyasi kavu na blanketi kuukuu, na ufunike juu. Yataendelea kuiva bila kuni. Jioni yachemshe tena mpaka yaive kabisa. Kuni zinapungua, na watoto wanakula wakiwa macho.

5. Pakua, kisha funika. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, mnavu, kunde, sukuma wiki. Robo iwe ugali. Robo iwe maharagwe, pojo, mayai au samaki. Kula umeketi, tafuna polepole. Tumbo huchukua kama dakika 20 kuujulisha ubongo kwamba limejaa. Usiongeze kabla ya muda huo.

6. Acha kumalizia sufuria. Kilichobaki kigawe na kukifunika mara moja, kiwe kifungua kinywa. Lakini angalia joto letu la Voi: maharagwe, nyama na vyakula vyenye maziwa au nazi huharibika upesi. Hivyo pika kiasi kinachotosha. Ugali na viazi hukaa vizuri zaidi. Kiporo cha mboga kichemshwe sawasawa, na kikinuka kitupwe.

7. Funga jikoni. Baada ya kula, osha vyombo, piga mswaki, zima moto. Hiyo ni alama kwamba siku ya kula imekwisha. Fanyeni sala ya jioni pamoja na mlale mapema.

8. Ukiamka na njaa, kunywa maji, ungoje kidogo. Kama ni mawazo yanayokuamsha, yaombee, na kesho mwambie mtu. Kama ni njaa kweli, kula kitu kidogo umeketi, kama ndizi moja, kisha rudi kulala. Usile ukiwa umesimama gizani kwenye sufuria.

Na ukianguka? Utaanguka siku moja, hasa kwenye matanga au harusi. Kosa kubwa ni kujiadhibu kesho yake kwa kushinda na njaa. Ndiyo njia ya kurudi kule kule. Asubuhi kunywa uji wako kama kawaida, uendelee.

Wanaofanya kazi usiku

Wapo walinzi, madereva wa malori ya barabara ya Mombasa, wahudumu wa petroli, wauguzi, na wale wanaolala shambani kuwafukuza ndovu. Hawa hatuwezi kuwaambia wasile kitu. Wale chakula kamili kabla ya kwenda kazini, kitu chepesi usiku wakihitaji, na uji kabla ya kulala asubuhi. Waepuke soda na chai yenye sukari nyingi ya kufukuza usingizi. Maji yanatosha.

Jihadhari

Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge asiache chakula cha usiku kwa uamuzi wake mwenyewe. Sukari inaweza kushuka akiwa usingizini, na hilo linaweza kuua. Azungumze na daktari kwanza. Mama mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa wa TB, na wanaotumia dawa za virusi vya ukimwi wale vya kutosha kama walivyoagizwa. Mtoto asinyimwe chakula kwa jina la nidhamu.

Tena, njaa ya usiku inayokuja na kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda inaweza kuwa dalili ya kisukari. Nenda ukapimwe. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii walianza kugawiwa mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Mwalikeni wa kijiji chenu kwenye mkutano. Na anayekula kwa siri, anayejitapisha, au aliyezama katika huzuni, asibebe mzigo huo peke yake. Apelekwe hospitali kama mgonjwa mwingine yeyote.

Kikundi kinaweza kufanya nini

Mtu mmoja akipigana na tabia peke yake huchoka. Chagueni jambo moja mlifanye pamoja kwa miezi 3. Mnaweza kutengeneza vikapu vya kupikia, mmoja kwa kila nyumba, kwa zamu kama mnavyofanya merigoraundi. Mnaweza kununua pojo na mtama pamoja wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Kwenye mikutano, badala ya mandazi na chai ya sukari, pikeni uji. Na mabwana waitwe, maana chakula hakitawahi kuiva mapema kama maji na kuni ni kazi ya mama peke yake. Baba akileta kuni saa kumi jioni, amekwisha punguza presha ya nyumba nzima.

Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kuuheshimu mwili. Kuuheshimu ni kuulisha kwa wakati wake, wala si kuunyima mchana na kuulemea usiku.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika nyumba zetu, chakula cha jioni kinaiva saa ngapi? Ni nini kinachokichelewesha?
2. Watoto wangapi wa chini ya miaka 5 walilala jana kabla ya kula?
3. Ni vyakula gani vya hapa kwetu vinavyoweza kubebwa shambani bila kuharibika?
4. Tutaanza na hatua gani juma hili, na ni nani atakayetukumbusha?