Seva ndogo Ngara na Biharamulo: diski kwanza, kompyuta mwisho

Kila lori linalovuka mpaka wa Rusumo, wilayani Ngara, kwenda Kigali huacha nyuma rundo la karatasi: ankara, hati za usafirishaji, vyeti vya asili ya bidhaa, matamko ya forodha. Tangu Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame wazindue daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha mwezi Aprili 2016, sehemu kubwa ya kazi hiyo imehamia kwenye kompyuta, na ndivyo ilivyo pia Kabanga, mpakani mwa Burundi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Wakala wa forodha anayeweka kumbukumbu za miaka hiyo yote ndani ya laptopu moja na flashi mbili yuko hatarini, hata kama hajapoteza faili hata moja mpaka leo.

Hayuko peke yake. Mpiga picha wa harusi wa Biharamulo mjini, mwenye steshenari wa Ngara, mhasibu wa shule na mwenye zahanati wote wanahitaji mashine moja inayowaka muda wote, inayohifadhi mafaili na kuyagawa kwa kompyuta na simu nyingine za pale pale. Hiyo ndiyo seva ya mafaili, na si lazima iwe kitu cha benki au wizara. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza prosesa. Kwa biashara ya wilaya hizi mbili, prosesa ndiyo iulizwe mwisho. Fedha itangulie kwenye diski, ifuate ulinzi wa umeme, kisha mtandao wa ndani. Kinachobaki ndicho kinunue kompyuta.

Kabla ya yote, mtu apime mzigo wake. Ukurasa wa karatasi uliochanganuliwa kwa rangi nyeusi na nyeupe huchukua takribani kilobaiti 100, maana yake kurasa 10,000 zinaingia kwenye gigabaiti 1. Wakala wa forodha anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kujaza diski ya GB 500. Redio nayo inashangaza kwa udogo wake. Ngara ina Redio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi waliokuwa wamejaa wilayani. Kituo chochote kikirekodi matangazo yake saa 24 kwa MP3 ya kilobiti 128, mwaka mzima unakula takribani GB 500 tu. Wa kuhofia ni mtu wa video. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inajaza GB 45 kwa saa, na harusi moja yenye kamera mbili kuanzia kanisani hadi ukumbini hufika mamia ya gigabaiti. Huyo ndiye anayehitaji terabaiti 4 au 8. Wakala akiuziwa ukubwa huo, fedha yake imelala.

Kwa mashine yenyewe, soko la mtumba limemwendea mnunuzi vizuri. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 haizikubali rasmi kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Maofisi duniani kote yanaziondoa Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre ambazo bado ni nzima. Kwa seva ya mafaili hilo si kasoro, kwa sababu Linux pamoja na programu ya Samba, au mfumo wa bure kama OpenMediaVault, hufanya kazi vizuri juu ya Core i5 ya kizazi cha 6 yenye RAM ya GB 8. La kuangalia ni kasha. Vikompyuta vidogo vya kuweka nyuma ya skrini vinapendeza, lakini diski kubwa za inchi 3.5 haziingii. Chagua kasha refu lenye nafasi ya diski mbili. Ulizia pia pawa saplai: nyingi za Dell na HP zina soketi zao wenyewe, na ikiungua, ile ya kawaida ya dukani haiingii.

Kuna kishawishi kingine, nacho ni seva halisi za rafu zilizotoka kwenye kampuni kubwa, bei yake ikiwa ya kutupa. Hapa naomba msomaji afanye hesabu nami. Mashine ya aina hiyo ikila wati 120 hata ikiwa haina kazi, kwa mwezi ni uniti 86. Mteja wa TANESCO wa kundi la D1, anayelipa bei ya chini, ana ukomo wa uniti 75 kwa mwezi. Seva peke yake imeshauvuka, kabla taa wala friji haijawashwa. Kwa bei ya kawaida ya takribani shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni kama shilingi 370,000 kwa mwaka. Kompyuta ya mezani yenye diski mbili ikila wastani wa wati 30 hutumia uniti 22 hivi kwa mwezi, kama shilingi 92,000 kwa mwaka. Tofauti ya mwaka mmoja inaweza kununua diski nyingine.

Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo zilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO. Leo kuna gridi, na mtambo wa maporomoko ya Rusumo wa megawati 80, unaogawanwa na Tanzania, Rwanda na Burundi, uko Ngara hapo hapo. Hata hivyo umeme bado hukatika, na radi za ukanda huu wa Maziwa Makuu hazina mchezo wakati wa mvua. Diski inayokatiwa umeme katikati ya kuandika ndiyo inayoharibu mafaili, kwa hiyo UPS, yaani betri ya akiba, ni sehemu ya seva. Ichaguliwe yenye waya wa USB wa kuiambia kompyuta ijizime yenyewe betri inapokaribia kuisha. Dakika 10 zinatosha. Na kebo ya mtandao inayotoka kwenye antena ya juu ya paa ni mlango wa radi sawa na waya wa umeme. Wengi hukinga mmoja na kuusahau mwingine.

Asiyeweza kununua UPS ana njia ya heshima: laptopu iliyotumika yenye betri nzima. Hiyo imebeba UPS yake ndani. Iunganishwe na diski ya nje ndogo ya inchi 2.5 inayopata umeme kupitia USB, kwa sababu zile kubwa zenye adapta yake huzimika umeme ukikatika hata kama laptopu inawaka. ThinkPad nyingi zinaruhusu kuzuia betri isichajiwe kupita asilimia 80, nayo hudumu zaidi. Kwa steshenari inayoanza, sioni kitu cha bei nafuu kinachoishinda.

Kwenye diski ndiko wauzaji wasio waaminifu wanakopita. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa mahususi kwa seva ndogo, zilitumia teknolojia ya SMR, ambayo hupandanisha njia za data na kuzifanya diski zipungue kasi vibaya zinapoandikwa kwa wingi. Mwanzoni mwa 2025 waandishi wa Ujerumani walifichua diski za Seagate zilizotumika maelfu ya saa, zikafutwa rekodi na kuuzwa kama mpya. Mnunuzi asome saa za kazi za diski kwa programu ya bure kabla hajatoa hela, ingawa rekodi iliyofutwa inaweza kumficha ukweli, na mwenye duka akikataa, aondoke. Diski za kamera za ulinzi, WD Purple na SkyHawk, zimetengenezwa kuwaka mchana na usiku, na kwa kuwa CCTV zimeenea, hupatikana kwa urahisi.

Kuhusu swichi ya mtandao wa ndani, nasema moja tu: iwe ya gigabiti. Ya megabiti 100 hupitisha takribani megabaiti 11 kwa sekunde, na mtu wa video atalala akisubiri.

Wapo wanaosema kila kitu kipelekwe kwenye hifadhi za intaneti. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, kupandisha terabaiti 1 ni zaidi ya siku 9 bila kupumzika, na bando linalipwa. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mafaili ya kila siku yakae ofisini. Hata hivyo diski mbili ndani ya kasha moja hazimsaidii mtu aliyeibiwa kasha, na mpiga picha Peter Krogh wa Marekani aliifanya kanuni hii ijulikane: nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja nje ya jengo. Mtu wa kata ya Nyakahura anaweza kupeleka diski ya tatu kwa ndugu yake Biharamulo mjini kila mwisho wa mwezi. Ifungwe kwa nywila, maana picha za pasipoti, nakala za vitambulisho vya NIDA na majalada ya wagonjwa ni taarifa za watu, nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Ninaloliona hapa ni biashara inayosubiri mtu. Vifaa vinauzwa Mwanza, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anayetoka Biharamulo kupitia Geita hasubiri kivuko tena. Fundi anaweza kununua kompyuta ya mtumba, kuitia diski mbili alizozipima mwenyewe, UPS na Linux, akaiuza kama kifurushi kimoja chenye dhamana ya miezi 6, kisha akatoza ada ndogo kila mwezi kwa kukagua diski na kuchukua nakala. Wateja 20 kati ya Rusumo, Kabanga na Biharamulo mjini wanatosha kumwajiri kijana mmoja mwenye pikipiki.