Kuzuia sauti na kufyonza sauti: istilahi za vyumba vya kupimia shimesikio

Shimesikio ni kifaa kidogo kinachovaliwa sikioni ili kumkuzia sauti mtu asiyesikia vizuri. Utendaji wake hupimwa mahali palipotengwa na kelele, na mahali hapo hutajwa kwa majina yanayokaribiana: chumba kisichopitisha sauti, chumba kisicho na mwangwi na kisanduku cha kupimia. Majina haya si visawe.

Chumba kisichopitisha sauti huzuia kelele ya nje isiingie. Kazi hiyo hutegemea uzito wa kuta na mlango usioacha upenyo. Chumba kisicho na mwangwi hufanya kazi nyingine: kuta zake hufyonza sauti iliyomo ndani ili isirudi. Ukuta wa zege huzuia sauti vizuri, lakini huirudisha kwa nguvu. Sponji hufyonza, lakini huruhusu sehemu kubwa ya sauti kupenya. Kwa hiyo chumba chaweza kuwa kimya na bado kikavuma mara mtu anapopiga kofi.

Mwanafizikia Leo Beranek alijenga chumba mashuhuri kisicho na mwangwi katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kuta za vyumba vya aina hiyo hufunikwa kwa kabari za nyuzi za kioo. Urefu wa kabari hukaribia robo ya wimbi la sauti nzito zaidi inayokusudiwa kufyonzwa. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4 hivi, kabari zake, basi, hukaribia sentimita 85. Ndiyo maana vyumba hivyo ni vikubwa na vya gharama, na kliniki hutumia kisanduku.

Ndani ya kisanduku, spika hutoa sauti ya kiwango kinachojulikana. Shimesikio huunganishwa na kikopo chenye uwazi wa sentimita 2 za ujazo, unaowakilisha hewa inayobaki sikioni, na maikrofoni hupima sauti iliyotoka. Sauti ya desibeli 60 ikiingia na ya desibeli 95 ikatoka, ukuzaji ni desibeli 35. Kisha hutumika sauti ya desibeli 90 ili kujua upeo wa kifaa. Upeo huo ni nambari nyeti: ukizidi, waweza kudhuru usikivu uliobaki, ukipungua mno, mtoto darasani hukosa sehemu ya maneno ya mwalimu. Kelele au mwangwi ukichanganyika na kipimo, nambari haisemi tena habari za kifaa pekee.

Hapa neno kipaza sauti huleta utata. Katika matumizi ya kawaida hutaja kifaa kinachopokea sauti na pia kile kinachoitoa. Kisandukuni vyote viwili vimo, tena shimesikio lina vya kwake. Agizo la kuweka kipaza sauti karibu na shimesikio laweza kutekelezwa kinyume kabisa. Katika matini za aina hii ni salama kuandika spika kwa kinachotoa na maikrofoni kwa kinachopokea.

Vitenzi navyo vyahitaji uangalifu. Sauti ndiyo inayopenya, ukuta ndio unaopitisha. Chumba kisichopenya sauti ni kosa, kwa kuwa chumba hakipenyi kitu. Husemwa chumba kisichopenywa na sauti au kisichopitisha sauti. Vilevile, kisanduku cha kupimia ni bora kuliko kisanduku cha kupima, kwani kauli ya kutendea huonyesha kwamba kisanduku ni mahali au chombo cha kazi hiyo.

Mfasiri anayekutana na chumba cha aina hii aulize kwanza: sauti inazuiwa isipite, au inafyonzwa isirudi? Pale chumba kinapofanya yote mawili, kazi zote mbili zitajwe: chumba kisichopitisha sauti na kisicho na mwangwi.