Likelemba na AVEC: mtu mzima ni yule anayefika kwenye mkutano hata akiwa na deni

Kwa sheria ya Congo, mtu anahesabiwa kuwa mkubwa akitimiza miaka 18. Lakini kwenye masoko ya Goma, Bukavu, Uvira ao Butembo, miaka peke yake haitoshi. Huko watu wanaulizana maswali mawili: akishika pesa ya wengine, inarudi? Na isiporudi, yeye mwenyewe anaonekana?

Maswali hayo yanaulizwa kwanza kwenye likelemba. Hesabu yake ni nyepesi. Wamama 10 wa soko wanapatana kutoa franga 5.000 kila siku. Kila siku mmoja wao anabeba zote, franga 50.000. Kisha siku 10 kila mmoja amepata zamu yake. Hakuna karatasi, hakuna benki, hakuna faida juu ya deni. Kuna neno la mtu tu.

Hapo ndipo hatari inapokaa. Kama wa kwanza amebeba 50.000, kesho yake akaacha kutoa, kila mmoja wa tisa waliobaki atapata 45.000 tu. Franga 5.000 si mali nyingi kwa mtu mwenye mshahara. Kwa mama anayeuza nyanya, hiyo ni mtaji wa kesho asubuhi. Na anayengojea zamu ya mwisho mara nyingi amekwisha kuigawa ile pesa kichwani: kodi ya nyumba, dawa, ao pesa ya masomo. Shule ya msingi ya serikali imetangazwa bure tangu mwaka 2019, lakini ya sekondari wazazi wangali wanalipa. Mwanafunzi akirudishwa nyumbani mwezi wa tisa, pengine chanzo chake ni mtu mmoja aliyekula zamu yake na kunyamaza.

Kukosa pesa si kosa la utoto. Mvua inaharibu bidhaa, mtoto anaugua, barabara inafungwa, na jirani wote wanaelewa. Utoto unaanza pale mtu anapobadilisha namba ya simu, anapopita njia nyingine ili asikutane na wenzake, ao anapomtuma mtoto aseme: “Mama hayuko.” Mtu mzima anakuja mapema, kabla ya siku ya kutoa, anasema: leo sina, nitaleta kiasi hiki, siku hii. Neno hilo lina haya, lakini linawapa wenzake nafasi ya kujipanga. Kunyamaza kunawanyima hata nafasi hiyo.

Ni kwa sababu ya hatari hiyo watu wengi wameingia katika AVEC, vikundi vya kuweka na kukopeshana vinavyojulikana sasa katika mitaa na vijiji vingi vya Kivu. Njia hiyo ilianzia Niger mwaka 1991, kati ya wanawake waliosaidiwa na shirika CARE, kisha ikaenea katika inchi nyingi za Afrika. Kundi linakuwa na watu kati ya 10 na 25 hivi waliochaguana wenyewe. Kila mkutano, mshirika ananunua hisa, kutoka 1 hadi 5, na kitabu chake kinapigwa muhuri mbele ya wote. Kisha miezi 9 hadi 12, wanagawana akiba pamoja na faida iliyotoka kwenye madeni.

Kinachofundisha zaidi ni sanduku lenyewe. Lina kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu tofauti. Anayelala na sanduku nyumbani hana ufunguo. Wenye funguo hawana sanduku. Pesa inahesabiwa na watu wawili kwa sauti, mbele ya wote, na mkutano unapokwisha kila mshirika anaweka hesabu iliyobaki kichwani, ili siku ya kufungua tena aweze kuitaja.

Kuna wanaochukia kanuni hizo. “Munanidhani mwizi?” ni neno linalosikika mara nyingi mtu akiombwa aonyeshe hesabu. Lakini kufuli haziwekwi kwa ajili ya mwizi peke yake. Zinamlinda pia mtu mwema siku ambayo mtoto wake anaugua usiku na pesa ya wengine iko chini ya kitanda. Mtu mzima anajua kwamba siku kama hiyo inaweza kumfikia yeye pia, kwa hiyo anakubali kuhesabiwa.

Jambo hilo lilipata uzito zaidi mwanzoni mwa mwaka 2025. AFC/M23 iliingia Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, na mabenki ya miji hiyo yakafunga milango. Kuanzia hapo, mwenye akiba benki na muuzaji wa soko walijikuta na swali moja: nani wa kuaminiwa? Mtu aliyezoea kulipa kwa wakati alipata wa kumkopesha, na aliyezoea kukimbia wenzake alipata shida.

Kazini kipimo ni hicho hicho. Motari anayeendesha pikipiki ya mwingine anapaswa kupeleka pesa ya mwenye pikipiki kila jioni. Siku ambayo wateja wamekosekana, ao mnyororo umekatika, simu ya saa nane ya mchana inafaa kuliko uongo wa saa mbili ya usiku. Fundi aliyepokea nusu ya pesa ili ashone nguo za harusi anajua tangu Jumatano kama hatamaliza Jumamosi. Akisema Jumatano, bibi harusi atatafuta fundi mwingine.

Na kipimo hakiwahusu wadogo tu. Bosi anayezima simu mwisho wa mwezi, na baba wa familia anayekopa kwa jina la bibi yake bila kumwambia, nao wanafanya utoto, hata kama wana mvi na wanaitwa “Mzee”.

Wengi wanajitetea kwa “article 15”, yaani kila mtu ajitafutie. Ni mzaha wa siku nyingi. Katika Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 15 kinahusu kupiga vita ubakaji na jeuri ya namna hiyo, hakisemi lolote juu ya kujitafutia. Kujitafutia kumelisha nyumba nyingi, na hakuna anayeweza kukulaumu. Lakini kunakoma pale unapogusa pesa ya mwenzako, ambaye naye anajitafutia.

Ndiyo maana katika vikundi vingi, anayekuja mkutanoni na nusu ya deni anapokelewa vizuri kuliko asiyekuja kabisa. Analipa amandi yake, anaambiwa maneno makali kidogo, kisha anapewa kiti. Mzunguko unaofuata, jina lake linaandikwa tena kwenye orodha. Kiti cha yule aliyekimbia kinatolewa kwa mtu mwingine.